Kujua na Kufundisha: Funzo Kutoka Uwanja wa Besiboli

Kila mwaka, wakati wa mazoezi ya kufundisha, hatukosi kumwona mwanachuo hodari wa hesabu ambaye hushindwa kuwafundisha watoto wa darasa la tatu kugawanya. Hukokotoa upesi ubaoni, kisha hugeuka na kuuliza, "Mmeelewa?" Watoto huitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Madaftari yakikusanywa, huonekana kwamba hawakuelewa kitu. Ndipo mwanachuo huyo huwaita watoto wajinga, au hujiona mwenyewe kuwa hafai kuwa mwalimu. Yote mawili ni makosa. Tutaeleza sababu kwa mfano wa Tony Gwynn wa Marekani.

Gwynn alicheza besiboli ya kulipwa katika timu ya San Diego Padres tangu mwaka 1982 hadi 2001. Katika mchezo huo mtupaji huurusha mpira mdogo kwa kasi kubwa, na mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo mahali ambapo wapinzani hawataudaka. Gwynn aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga mara 8. Hata hivyo, katika kila zamu 1,000 zilizohesabiwa, alifaulu zamu 338 tu. Yaani bingwa huyu alishindwa karibu mara mbili katika kila tatu.

Alipostaafu, alirudi katika Chuo Kikuu cha San Diego State alikosoma. Mwaka 2002 alisaidia kuwafundisha vijana kwa kujitolea, bila mshahara, chini ya Jim Dietz, mwalimu yule yule aliyemfundisha ujanani. Mwaka uliofuata akawa mwalimu mkuu wa timu, akaendelea hadi alipofariki mwezi Juni 2014. Katika miaka hiyo timu yake ilishinda michezo 363 na kushindwa 363. Ubingwa wa mwalimu haukuhamia kwa wanafunzi wenyewe tu. Kila kijana ilimpasa kujifunza tangu mwanzo.

Tunajifunza nini?

Kwanza, mjuzi husahau hatua. Jambo lililozoeleka hufanywa na mikono kabla akili haijaliwaza. Kwa hiyo, kabla ya kuandika andalio la somo, fanya hesabu hiyo polepole na kuandika kila hatua, hata ile unayoiona ya kipuuzi. Mara nyingi mtoto hukwama papo hapo.

Pili, nyani haoni kundule. Mwaka 1983, alipoona upigaji wake umeharibika, Gwynn alimwomba mkewe anase michezo yake katika kanda za video. Akajitazama, akaona kosa lake, na tangu hapo akafanya kujitazama kuwa desturi. Chuo kisicho na kamera kina wanachuo wawili wawili. Mmoja afundishe, mwenziwe akae nyuma na daftari, aandike mambo matatu: maswali yaliyoulizwa, watoto waliojibu, na muda mwalimu aliosema peke yake. Asiandike sifa wala lawama. Baada ya kipindi wasome pamoja.

Tatu, kushindwa ni sehemu ya kazi. Somo lililoharibika Jumatatu lifundishwe upya Jumanne kwa njia nyingine: kwa vijiti, kwa mbegu, au kwa kugawana mahindi. Mtoto anayeitwa mjinga leo huenda asinyooshe mkono tena mwaka mzima, na hasara hiyo mwalimu hawezi kuilipa.

Nne, tukubali kuwa wanafunzi. Ikiwa bingwa wa miaka 20 alikaa mwaka mzima kando ya mwalimu wake wa zamani, mwanachuo asione haya kuingia darasani kwa mwalimu mzoefu wa shule ya mazoezi, akakaa nyuma na kutazama.

Basi, safari hii mtakapokwenda mazoezini, msiulize, "Mmeelewa?" Mpeni mtoto chaki, aje ubaoni, nanyi mtazame mkono wake unaposimama. Hapo ndipo somo linapoanzia.