Kukisia kwa Kiingereza: *must*, *may*, *might*, *could* na *can't* katika tafsiri

Tuchukue sentensi fupi ya Kiingereza: *The guard must have locked the gate.* Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba *must* ni "lazima" huitafsiri "Ilimlazimu mlinzi afunge lango." Mwingine, akikwepa uzito wa neno hilo, huandika "Mlinzi alifunga lango." Sentensi zote mbili zina sarufi safi, na zote mbili zimepotosha maana. Ya kwanza inazungumzia wajibu ambao msemaji hakuutaja. Ya pili inatoa habari ya tukio kana kwamba msemaji alilishuhudia. Msemaji mwenyewe amesema jambo la tatu: hakumwona mlinzi akifunga lango, lakini kwa dalili alizo nazo anaamini kuwa lilifungwa. Kiswahili chake ni "Mlinzi atakuwa amefunga lango" au "Haikosi mlinzi alifunga lango."

Katika hadithi, kosa la namna hii huharibu ladha. Katika maelezo ya shahidi laweza kumtia mtu hatiani. Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, haja ya kuhamisha maandishi ya kisheria kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili imekuwa kubwa zaidi, na vitenzi hivi vidogo vimo karibu katika kila ukurasa. Kanuni ya kushika tangu mwanzo ni hii: anayesema *must have* hakuona. Tafsiri isimfanye aliyeona, wala isimfanye asiye na dhana yoyote.

Kazi mbili za kitenzi kimoja

Vitenzi visaidizi *must, may, might, could, can* na *should* vina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kueleza wajibu, ruhusa au uwezo wa mtenda. Kazi ya pili ni kueleza kiwango cha uhakika alicho nacho msemaji. Linganisha:

*The clerk must work on Saturday.* Karani hana budi kufanya kazi Jumamosi.

*The clerk must be working.* Karani atakuwa anafanya kazi.

Sentensi ya kwanza inamhusu karani na amri aliyopewa. Ya pili inamhusu msemaji na kile anachokidhani. Umbo la kitenzi kikuu husaidia kutambua kazi iliyokusudiwa. Kitenzi cha kutenda kikifuata *must* bila nyongeza, maana huelekea kwenye wajibu. Kikiwa na *be* na *-ing*, huelekea kwenye dhana. Vitenzi vya hali, kama vile *be, know, have* na *feel*, huelekea kwenye dhana hata vikiwa katika umbo la kawaida: *She must know the answer* ni "Atakuwa analijua jibu" au "Hakosi kulijua jibu."

Kukisia mambo ya sasa

Tuseme ni saa tatu asubuhi, mlango wa ofisi umefungwa, nasi twataka kujua kama karani yumo. Kiingereza hutupa ngazi zifuatazo, kutoka uhakika wa kuwapo hadi uhakika wa kutokuwapo.

*The clerk must be in the office.* Karani atakuwa ofisini. Haikosi karani yumo ofisini. Msemaji ana dalili, kwa mfano taa inawaka au sauti inasikika.

*The clerk should be in the office.* Kwa kawaida saa hizi karani huwa ofisini. Msemaji hana dalili yoyote ya leo. Anategemea ratiba au mazoea, na yu tayari kukosolewa.

*The clerk may / might / could be in the office.* Huenda karani yumo ofisini. Pengine yumo. Yamkini yumo. Msemaji anakubali kuwa jambo lawezekana, lakini hasemi kuwa ndilo.

*The clerk can't be in the office.* Karani hawezi kuwa ofisini. Haiwezekani awe ofisini. Msemaji ana dalili za kinyume, kwa mfano kufuli limefungwa kwa nje.

Mambo mawili yanahitaji kuangaliwa hapa. Kwanza, *must* huonekana kuwa neno la nguvu, lakini kwa uhakika ni dhaifu kuliko sentensi isiyo na kitenzi kisaidizi. *The clerk is in the office* ni kauli ya anayejua. *Must be* ni kauli ya anayefikiri amejua. Pili, tofauti kati ya *may* na *might* ni ndogo. Walimu wengi hufundisha kuwa *might* ina mashaka zaidi, lakini wasemaji wengi hawatofautishi. Mfasiri hana haja ya kutafuta neno la Kiswahili lililo dhaifu kuliko "huenda" kila akutanapo na *might*.

*Can* isiyokanushwa haitumiki kukisia jambo moja mahususi. *The clerk can be in the office* haiwi na maana ya "huenda karani yumo." *Can* hueleza jambo linalotokea mara kwa mara: *Nairobi can be cold in July* ni "Nairobi huweza kuwa na baridi mwezi Julai." Anayekisia hali ya hewa ya leo atasema *It could be cold in Nairobi today.*

Ukanushi

Hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka, kwa kuwa vitenzi hivi havikanushwi kwa namna moja.

Kinyume cha *must be* katika kukisia ni *can't be*. *Mustn't* ni katazo: *You mustn't enter* ni "Usiingie," na kwa kawaida haifai kutafsiri "haiwezekani kuwa."

*Could* na *might*, ambazo katika sentensi yakinishi hukaribiana, huachana kabisa zikikanushwa. *He might not be in the office* ni "Huenda hayumo ofisini." *He couldn't be in the office* ni "Hawezi kuwamo ofisini." Ya kwanza inaacha mlango wazi, ya pili inaufunga. Kiswahili chenyewe kinaonyesha sababu. Katika "huenda hayumo," kikanushi kimeangukia tukio, na uwezekano umebaki palepale. Katika "hawezi kuwamo," kikanushi kimeangukia uwezekano wenyewe. Kiingereza huweka *not* mahali pamoja katika sentensi zote mbili, hivyo msomaji anapaswa kujua tabia ya kila kitenzi.

*May not* ina utata wa aina nyingine. *Visitors may not enter the store* ni katazo: "Wageni hawaruhusiwi kuingia ghalani." *The visitors may not know the way* ni dhana: "Huenda wageni hawaijui njia." Muktadha ndio unaoamua.

Kukisia mambo yaliyopita

*Must* kwa asili ni umbo la wakati uliopita la kitenzi cha Kiingereza cha kale. *Could, might* na *should* nazo zilianza kama maumbo ya wakati uliopita ya *can, may* na *shall*. Kwa kuwa maumbo hayo leo hutumika kukisia mambo ya sasa, Kiingereza kilihitaji njia nyingine ya kuonyesha kuwa jambo linalokisiwa limepita. Njia hiyo ni kuweka *have* na umbo la tatu la kitenzi kikuu:

*The clerk must have gone home.* Karani atakuwa amekwenda nyumbani.

*The clerk may have gone home.* Huenda karani amekwenda nyumbani.

*The clerk can't have gone home.* Haiwezekani kuwa karani amekwenda nyumbani.

Dhana ni ya sasa. Kilichopita ni tukio. Ndiyo sababu *must have gone* haichanganywi na *had to go*, ambayo ni "ilimbidi aende." Katika *had to*, wajibu wenyewe ndio uliopita, na kwa kawaida aliyewajibika alikwenda kweli.

Upo mtego mmoja wa kuangaliwa na wafasiri wa matangazo ya kazi. *Applicants must have completed Form Four* haimkisii mtu yeyote. Ni sharti: "Waombaji wawe wamemaliza kidato cha nne."

Kiingereza hakitofautishi hapa kati ya "amekwenda" na "alikwenda." *Must have left* hutosha kwa yote mawili. Kiswahili hudai uchaguzi. Ikiwa matokeo ya tukio bado yapo, *-takuwa* pamoja na *-me-* hufaa: "Atakuwa ameondoka." Ikiwa siku au saa imetajwa, ni laini zaidi kutumia "haikosi" au "bila shaka" pamoja na *-li-*: *She must have left on Tuesday*, "Bila shaka aliondoka Jumanne."

*Could have* na *might have*: lilitokea au halikutokea?

Sehemu hii inahitaji uangalifu kuliko zote. *He could have taken the key* ina maana mbili.

Maana ya kwanza ni dhana. Ufunguo haupo, hatujui nani aliuchukua, na yeye ni mmoja wa wanaoshukiwa: "Huenda ni yeye aliyechukua ufunguo."

Maana ya pili ni nafasi isiyotumiwa. Ufunguo ulikuwa mbele yake, naye hakuuchukua: "Angaliweza kuchukua ufunguo," yaani aliuacha.

Tafsiri ya kwanza inamshuku mtu. Ya pili inamtetea. Mfasiri akitumia "angaliweza" pale shahidi alipokusudia "huenda," amemwondolea mtu shaka kwa kiambishi kimoja. Akifanya kinyume, amemtia shakani mtu aliyekwisha kuonyesha uaminifu. Sentensi ikiwa peke yake haiwezi kutafsiriwa kwa usalama. Soma kinachofuata: ikiwa kuna *but he didn't*, au ikiwa inajulikana kuwa ufunguo haukuguswa, tumia *-ngali-* au *-nge-*. Ikiwa uchunguzi unaendelea, tumia "huenda" au "yamkini."

*Might have* ina tabia hiyohiyo, na hapa tofauti yake na *may have* inakuwa na uzito. *The medicine may have saved her* humaanisha kuwa mgonjwa amepona na huenda dawa ndiyo iliyomwokoa. *The medicine might have saved her* mara nyingi humaanisha kuwa mgonjwa hakuipata dawa na amefariki: "Dawa ingaliweza kumwokoa." Wapo wanaotumia *might have* kwa maana ya kwanza pia, hivyo msomaji asikate shauri kabla ya kujua kama mgonjwa yu hai.

Upande wa Kiswahili

Kiambishi *-ta-* hufundishwa kama alama ya wakati ujao, lakini "atakuwa" mara nyingi ni alama ya dhana. "Kesho saa hizi atakuwa amefika" ni wakati ujao: *will have arrived*. "Simu yake haipatikani, atakuwa amelala" ni dhana ya sasa: *he must be asleep*. Kiingereza nacho hutumia *will* kwa namna hii, *He'll be asleep now*, hasa msemaji anapotegemea mazoea ya mtu. Pakiwa na dalili inayoonekana, *must* ndiyo hufaa zaidi.

"Lazima" nayo haikatazwi katika kukisia, mradi umbo la kitenzi liangaliwe. "Lazima aondoke" ni wajibu, kwa kuwa kitenzi kimo katika dhamira tegemezi. "Lazima ameondoka" na "lazima atakuwa ameondoka" ni dhana, nazo husikika sana katika mazungumzo. Utata hutokea kwa "awe": "Lazima awe ofisini" yaweza kueleweka kama amri au kama makisio. Katika maandishi rasmi, ni salama kuandika "atakuwa ofisini" kwa makisio na "hana budi kuwa ofisini" kwa wajibu.

Makosa mawili ya tahajia yanastahili kutajwa kwa walimu. *Must of* na *could of* ni makosa yatokanayo na matamshi ya *must've* na *could've*. Sahihi ni *have*. *Maybe*, neno moja, ni "labda". *May be*, maneno mawili, ni kitenzi kisaidizi na kitenzi: *Maybe he is ill*, lakini *He may be ill*.

Zoezi

Tafsiri kwa Kiswahili, ukieleza kwanza kama sentensi ni ya dhana, ya wajibu au ya jambo lisilotokea.

1. *They must have forgotten the meeting.*
2. *We had to cancel the meeting.*
3. *You could have been killed!*
4. *The letter might not have reached him.*
5. *The letter can't have reached him.*

Majibu: 1. Dhana: "Watakuwa wamesahau mkutano." 2. Wajibu: "Ilitubidi tuahirishe mkutano" haitoshi, kwa kuwa *cancel* ni kufuta kabisa, sema "Ilitubidi tufute mkutano." 3. Jambo lisilotokea, kwani anayeambiwa yu hai: "Ungaliweza kuuawa!" 4. Dhana yenye mashaka: "Huenda barua haikumfikia." 5. Dhana yenye uhakika: "Haiwezekani kuwa barua imemfikia." Linganisha la nne na la tano kwa makini: aliyeandika la nne atauliza kama barua ilifika, ilhali aliyeandika la tano ataituma upya.