Jezi Tumetuma, Mwenye Filimbi Je?

Alizeti ikishavunwa na vumbi la kiangazi kuanza kutimka, simu kutoka nyumbani Singida huongezeka. Kata moja Ikungi inaandaa kombe, Ilongero wanataka nyavu, Kiomboi wameishiwa mipira. Sisi tulio nje ya nchi huchangishana kwenye kundi la simu, na baada ya wiki chache picha zinarudi: vijana wamepanga mstari wakiwa na jezi mpya, na pembeni amesimama mtu mzima mwenye kofia na filimbi shingoni. Huyo wa pembeni ndiye ninayemwandikia makala hii.

Singida haijawahi kukosa vipaji. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Mampando wilayani Ikungi, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025 kwa saa 2:09:48, akimwacha Mjerumani kwa sekunde 0.03. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Lakini kabla ya Tokyo kuna uwanja wa shule, na kwenye uwanja wa shule kuna kocha na mwamuzi wa ridhaa, anayelipwa posho ya nauli au halipwi kabisa. Akivunjika mguu, nani anamlipa? Mchezaji akiumia mikononi mwake, nani anasimama naye?

Nani kafunikwa, nani yuko juani

Tuchukue mfano wa watu wawili kwenye uwanja mmoja siku ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Wa kwanza ni mwalimu wa michezo aliyeajiriwa na serikali. Wa pili ni kijana wa mtaani, mkulima wa vitunguu, aliyeombwa asaidie kuchezesha. Wote wawili wanateleza na kuvunjika kifundo.

Mwalimu ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia. Mfanyakazi aliyeumia kazini hutibiwa, na asipoweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake. Yule mkulima hana mwajiri, kwa hiyo hana mchango, na sheria haimtambui kama mfanyakazi. Ajali ni moja na uwanja ni mmoja, ila mmoja kafunikwa na mwenzake yuko juani.

Wengi watasema ana bima ya afya. Ni kweli kwamba Singida iko jirani na chimbuko la bima ya afya ya wananchi: Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na ulipoboreshwa kaya ya watu 6 mikoani ikawa inachangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inalenga kumfikia kila mtu. Lakini bima ya afya inalipa hospitali tu. Haimlipi kibarua wa kuvuna shamba la mkulima huyo wakati mwenyewe amelala na plasta, wala haimpi mkewe chochote mume akifariki.

Kuna na barabara. Mwamuzi wa Singida huhatarisha maisha zaidi akielekea uwanjani kuliko akiwa uwanjani. Sheria inakitaka kila chombo cha moto kiwe na bima ndogo, na bodaboda inayobeba abiria kwa malipo inapaswa kumfunika abiria wake. Ila refa akiendesha pikipiki yake mwenyewe na kuanguka, bima ndogo humlipa aliyegongwa. Yeye aliyekuwa kwenye usukani haimhusu.

Kuumia ni moja, kudaiwa ni jingine

Kanuni ya 5 ya sheria za soka inasema mwamuzi hatawajibishwa kwa jeraha la mchezaji, kiongozi au mtazamaji, wala kwa mali iliyoharibika, kutokana na uamuzi wake uwanjani. Waamuzi wetu huitaja kwa fahari. Ni kinga nzuri ndani ya soka, lakini mahakama haifungwi na kitabu cha mchezo.

Uingereza waliligundua hilo kwa uchungu. Mwaka 1991 kijana wa miaka 17 alipooza katika mechi ya raga ya vijana, baada ya skramu kuanguka mara nyingi bila mwamuzi kuidhibiti ipasavyo. Desemba 1996 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba mwamuzi alikuwa na wajibu wa kuwalinda wachezaji na aliuvunja. Mwaka 2003 mahakama hiyo ikasema vivyo hivyo juu ya mwamuzi wa ridhaa wa Wales aliyechezesha watu wazima. Hukumu hizo hazimfungi jaji wa Tanzania. Hata hivyo sheria yetu ya madhara ina mizizi katika sheria ya Kiingereza, na wakili anaweza kuzitaja mbele ya jaji kama hoja ya kushawishi.

Kocha naye yumo. Amempanga mtoto mwenye maumivu ya kichwa aliyegongwa jana? Amewakimbiza vijana saa 8 mchana bila maji? Ameacha goli la chuma ambalo halikufungwa chini? Hayo ndiyo maswali ambayo mzazi mwenye hasira, au wakili wake, atayauliza.

Bima zenyewe ni zipi

Kwa makocha na waamuzi wa ridhaa, mbili ndizo za kuanza nazo.

Ya kwanza ni bima ya ajali binafsi ya kikundi. Hulipa kiasi kilichokubaliwa mtu akifariki kwa ajali au akipata ulemavu wa kudumu. Ulemavu huo hupimwa kwa jedwali: kidole kina asilimia yake, jicho lina yake, mguu una yake. Nyingine huongeza malipo ya kila wiki kwa aliyelala kitandani, na gharama za matibabu hadi kikomo fulani. Hapa haiulizwi nani mwenye kosa. Inatosha kwamba ajali imetokea.

Ya pili ni bima ya dhima. Hii haimlipi kocha aliyeumia. Humlipia kocha anayedaiwa na mtu mwingine, pamoja na gharama za wakili kadiri hati inavyosema.

Kabla ya kusaini, someni sehemu ya yasiyofidiwa. Baadhi ya hati za ajali binafsi haziwafidii wanaoumia wakiwa kwenye pikipiki, na kwa mkoa wetu hilo ni sawa na kumnunulia mtu mwavuli wenye tundu katikati. Ulizeni kwa maandishi: safari ya kwenda na kurudi imo? Mwamuzi akipigwa na mashabiki, hilo limo? Mazoezi yamo, au siku ya mechi peke yake?

Njia ya kuipata

Bima hununuliwa na mtu au chombo kinachotambulika kisheria. Klabu na vyama vya michezo husajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na mlango wa karibu wa kuulizia ni afisa michezo wa wilaya. Kombe la kata lisilo na usajili wala orodha ya majina halina pa kusainia. Njia nyepesi ni chama cha waamuzi au cha makocha cha wilaya kukusanya majina na kuomba bei kwa pamoja, kwa kuwa bei ya kikundi humpungukia kila mmoja kuliko mtu akienda peke yake.

Ndugu zangu wa nje, hapa kuna mtego. Tusidhani hati iliyonunuliwa London au Houston itamfunika kocha wa Mkalama. Sheria ya Bima ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka hatari zilizoko Tanzania zikatiwe bima kwa kampuni zilizosajiliwa nchini, isipokuwa kwa kibali cha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kazi yetu ni kuchangia ada. Anayekata bima awe chama cha nyumbani. Wakala aonyeshe leseni yake, na ada ilipwe kwa kampuni ikiwa na stakabadhi, si kwenye simu ya mtu binafsi. Ukitokea ubishi juu ya fidia, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na sheria hiyohiyo.

Na sisi huku

Tujiangalie nasi kwenye mabonanza yetu ya kiangazi. Waliokodi uwanja wa manispaa nchini Marekani wanajua kwamba mara nyingi huombwa kwanza cheti cha bima ya dhima chenye jina la mji. Chama cha waamuzi cha Marekani, NASO, huwapa wanachama wake bima ndani ya ada ya uanachama, na Chama cha Waamuzi cha Uingereza hufanya hivyo pia. Mwamuzi wetu wa bonanza asiye mwanachama wa chochote yuko juani kama yule wa Ilongero.

Wazee husema ajali haina kinga. Ni kweli, lakini hasara yake inaweza kugawanwa. Napendekeza mkutano wetu ujao wa jumuiya uamue jambo moja: hakuna seti ya jezi itakayosafirishwa Singida mpaka kombe linaloiomba limetuletea majina ya makocha na waamuzi wake, na sehemu ya mchango wetu imetengwa kwa ada ya bima yao. Jezi zitapauka ndani ya misimu miwili. Yule wa pembeni mwenye kofia tunamhitaji kwa miaka mingi zaidi.