Brashi na Daftari

Kwa miaka mingi chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, nyumba nyingi za Kenya zilikuwa na baraza zito kila mtoto alipomaliza Kidato cha Pili. Ndipo masomo ya kuendelea nayo yalipochaguliwa. Kijana husema anataka Sanaa. Baba huuliza, “Je, picha italiwa?” Mama hushauri Elimu ya Biashara, kwa kuwa aliyejifunza hesabu za fedha hakosi kiti katika ofisi. Mara nyingi baraza hilo lilimalizika kwa kijana kunyamaza.

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walipoingia sekondari pevu, swali hilo huja mapema zaidi, maana mtoto huchagua njia yake kabla ya kuingia. Njia ni tatu, na mojawapo ni ya sanaa na michezo. Kwa hiyo yafaa wazazi wajue vema masomo haya mawili hufundisha nini.

Kwanza, biashara. Wazee walisema zamani: mali bila daftari huisha bila habari. Mwalimu wa somo hili hulichukua neno hilo na kulifanya kazi ya mikono. Mkulima akichukua mbolea ya shilingi 6,000 kwa mkopo, jambo hilo huandikwa mara mbili: upande wa kushoto, katika hesabu ya mbolea, kwa kuwa amepokea mali, na upande wa kulia, katika hesabu ya muuzaji, kwa kuwa anadaiwa. Mwisho wa mwezi jumla za pande mbili sharti zilingane. Zisipolingana, kuna kosa, na mwanafunzi hana ruhusa ya kulala kabla ya kulitafuta. Hivyo ndivyo kijana ajifunzavyo kwamba fedha iliyo mfukoni si faida, na kwamba deni halisahauliki kwa kutotajwa. Mzee ambaye amewahi kupokea hesabu ya chama cha ushirika asiweze kuisoma anajua thamani ya elimu hiyo.

Sasa, sanaa. Wengi hudhani ni mchezo wa watoto wenye nafasi. Lakini mwanafunzi akiwekewa chungu mezani na kuambiwa akichore, hugundua kwamba hajapata kukitazama chungu maishani mwake, ijapokuwa amekunywa maji yake tangu utoto. Mwalimu humrudisha: tazama tena mdomo wake, kivuli kimeangukia wapi? Baada ya mwaka mmoja kijana huyo huona yale ambayo wengine hupita wakiyaacha.

Mafundisho ya namna hiyo yana historia katika Afrika Mashariki. Mwaka wa 1937 Margaret Trowell, aliyewahi kukaa Ukambani, alianza kufundisha sanaa barazani kwa nyumba yake mjini Kampala, na kazi hiyo ikakua ikawa shule ya sanaa ya Makerere. Hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Aliwasimulia jambo, kisha akawataka wachore walivyoliona wenyewe mioyoni mwao. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba kutoka Kenya, ambaye baadaye alikuwa mwalimu hapo hapo. Sanamu yake ya Uhuru, ya mama anayemwinua mtoto, imesimama Kampala tangu 1962. Naye Elimo Njau wa Marangu, aliyesoma Makerere, alichora katika kanisa kuu la Murang’a picha za maisha ya Kristo, na mandhari yake ni ya nchi ya Murang’a yenyewe. Alizimaliza mwaka wa 1959.

Je, masomo haya ni maadui? Historia yakana. Kitabu cha kwanza kuchapishwa kilichoeleza kinaganaga njia ya kuandika hesabu mara mbili kilitoka Venice mwaka wa 1494, nacho kiliandikwa na mwalimu wa hisabati, mtawa Luca Pacioli. Miaka michache baadaye Pacioli alikaa Milan pamoja na mchoraji Leonardo da Vinci, akamfundisha hisabati. Na Leonardo akamchorea maumbo ya kitabu chake kingine, kilichochapishwa 1509. Mwalimu wa daftari na bwana wa brashi walifaana.

Hata sokoni ni vivyo hivyo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Fundi wa viti asiyejua kupima umbo hapati wanunuzi. Na yule ajuaye umbo lakini hajui gharama ya mbao zake huuza kwa hasara huku akisifiwa na kila mtu.

Ugumu upo, na haufai kufichwa. Sanaa hutaka karatasi, rangi, udongo na chumba, na shule nyingi hazina. Mwalimu wake mara nyingi yu peke yake, bila mwenzake wa kushauriana naye, na somo lake ndilo hukatwa kwanza fedha zikipungua. Mwalimu wa biashara ana madarasa yaliyojaa, lakini wengi wametumwa na wazazi, hawakuja kwa kupenda.

Basi mzazi aombwapo shauri, na aanze kwa kuomba madaftari ya mtoto wake, la hesabu na la michoro, ayafungue yote mawili, atazame ni lipi lililofanyiwa kazi bila kusukumwa. Kisha aende kumwuliza mwalimu. Baraza la nyumbani litakuwa fupi, na kijana hatakuwa na haja ya kunyamaza.