Fahamu: Thogoto, Mskoti aliyemezwa na Kikikuyu

Ukishika barabara ya James Gichuru pale Lavington, unapita juu ya jina la mzaliwa wa Thogoto. Gichuru, waziri wa kwanza wa fedha wa Kenya huru, alizaliwa huko mwaka 1914, upande wa Kikuyu kaunti ya Kiambu.

Lakini Thogoto yenyewe ni neno gani? Ukitafuta mzizi wake kwenye Kikikuyu utatoka mikono mitupu. Ni "Scot", yaani Mskoti.

Wamishenari wa Kanisa la Scotland walihamia Kikuyu kutoka Kibwezi mwaka 1898, na wenyeji wakawaita kwa kadiri ulimi ulivyoruhusu. Kikikuyu hakina sauti ya "s", hivyo simu huwa thimu na skuli huwa thukuru. Konsonanti mbili zilizobanana nazo zikatenganishwa kwa irabu. Kisha "k" ikikaribia "t", au "k" nyingine, hulainika ikawa "g". Wanaisimu huiita kanuni ya Dahl, nayo ndiyo inayofanya tuseme Gikuyu, si Kikuyu, tukiongea lugha yenyewe.

Th-o-g-o-t-o. Sidhani Mskoti angejitambua humo.