Mkate wa Sufuria Pamoja na Watoto

(MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo ninazungumza na mzazi, na pia dada au kaka anayelea wadogo zake. Unataka kupika mkate, watoto wamekuzunguka. Uwafukuze? Hapana. Wape kazi, ila moto ubaki wako peke yako.

Mimi kwetu ni Gitaza, pale barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge inapopita kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Bibi yangu hakuwa na oveni. Alipika mkate kwenye sufuria, na unga aliukanda kwa mawese ya Rumonge mpaka ukawa wa manjano. Sisi wajukuu tulimhesabia vikombe. Hesabu nilianza kujifunza hapo, kabla ya shule.

Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha unga wa mahindi. Mahindi peke yake hayafai, kwa sababu hayana ule mnato wa ngano unaoshika hewa mkate ukaumuka. Ongeza vijiko vidogo 2 vya hamira, wengine tunaita levire, vijiko vikubwa 2 vya sukari, chumvi kidogo na vijiko vikubwa 2 vya mafuta.

Kwanza, wote mnawe mikono kwa sabuni. Mtoto wa miaka 3 anaweza kumimina na kukoroga. Wa miaka 5 ahesabu vikombe. Wa miaka 7 akande pamoja nawe, dakika 10 hivi. Wasilambe unga mbichi, unaweza kuwaumiza tumbo.

Hamira ikoroge na sukari katika kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu. Maji ya moto sana yataiua. Waambie watoto watazame povu: hamira ina uhai, inakula sukari na kutoa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoinua mkate. Changanya vyote, kanda, funika kwa kitambaa safi, subiri saa 1. Wakati huo wapigie hadithi.

(MLIO WA MAKAA)

Sasa watoto warudi nyuma, hatua 3 kubwa kutoka kwenye mbabula. Chora mstari chini, usivukwe. Paka sufuria mafuta, weka donge, funika. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Baada ya dakika 30 hadi 40, choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, mkate umeiva. Pikia nje. Makaa ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua.

Mtoto akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke kituo cha afya.

Kama ngano haipatikani kila wiki, hata mara moja kwa mwezi inatosha. Hapa kambini mtoto anaona vitu vingi vikigawiwa: maji kwa foleni, chakula kwa foleni. Siku ya mkate anaona kitu kikitengenezwa, na mikono yake imo. Kwa hiyo kipande cha kwanza mpe yeye, akigawe kwa wenzake.

 

(MUZIKI WA KUFUNGA)