Kompyuta ya soko la fedha Bugwema: betri kwanza, prosesa baadaye

Takwimu za ajira za Marekani hutangazwa mara nyingi Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Washington. Hapa Bugwema, mashariki mwa Ziwa Victoria, inakuwa saa tisa na nusu alasiri, na katika miezi ya baridi ya kwao inasogea hadi saa kumi na nusu. Dakika hiyo bei ya dhahabu na ya dola huruka kuliko saa nyingine nyingi za mwezi, na ndiyo dakika ambayo vijana wengi wa forex, yaani biashara ya fedha za kigeni, huisubiri. Lakini alasiri ndiyo saa ya radi pia. Mchana kutwa upepo wa Ziwa Victoria husukuma unyevu kuelekea nchi kavu upande huu wa mashariki, joto la ardhi huupandisha juu, na msimu wa mvua ukifika ngurumo huanza wakati huo huo soko linapochemka. Umeme ukikatika saa hiyo, swali ni moja: biashara uliyoifungua inabaki mikononi mwa nani?

Anayenunua kompyuta ya biashara hii akiwa Bugwema, Muhoji au Masinono aanze na swali hilo, si na kasi ya prosesa. Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni unatoka kwa watu ambao umeme kwao haukatiki. Wanaonesha meza yenye monita sita, kadi kubwa ya picha na taa za rangi. Kadi ile imetengenezwa kuchora michezo ya pande tatu, wakati chati ya bei ni mistari na vijiti bapa ambavyo kompyuta ya ofisi ya miaka saba iliyopita huvichora bila kutoa jasho. MetaTrader 4, programu ambayo matreda wengi wa hapa bado wanaitumia, ilitoka mwaka 2005, na kompyuta iliyotakiwa kuiendesha enzi hizo leo ingeonekana dhaifu mbele ya simu ya bei ya chini. Kinacholemea mashine ni kivinjari chenye kurasa ishirini zilizofunguliwa pamoja. Kwa hiyo ramu ya GB 8 na diski ya SSD zinatosha. GB 16 ni raha, si lazima.

Sasa turudi kwenye umeme uliokatika. Amri ya kusimamisha hasara, ile SL, ukishaiweka hukaa kwenye seva ya broka. Kompyuta yako ikizimika, ikiungua au ikiibiwa, amri ile ipo. Ila SL inayotembea, ile inayofuata bei kadiri faida inavyoongezeka, kwenye MetaTrader haikai kwa broka. Inafanya kazi ndani ya programu iliyofunguliwa kwenye mashine yako, na mashine ikizima inaganda pale ilipofika. Roboti ni vivyo hivyo: isipokuwa iwe kwenye kompyuta ya kukodi mtandaoni, inakufa pamoja na laptop. Watu wengi hawalijui hili mpaka siku linapowagharimu, nami naliona kuwa kubwa kuliko jambo lolote linaloandikwa kwenye boksi la kompyuta. Kama unatumia SL ya kawaida tu, kukatika kwa umeme ni usumbufu. Kama unategemea inayotembea au roboti, ni hatari, na fedha yako iende kwenye kuifanya mashine isizime.

Ndiyo maana nasema laptop, tena iliyotumika, na si kompyuta ya mezani. Laptop ya ofisi hula wati 15 hadi 25 ukiwa unatazama chati. Ya mezani pamoja na monita yake hufika wati 100 na zaidi kwa urahisi. Chukua betri ya sola ya volti 12 na Ah 100, ya maji ya kawaida. Ndani yake mna Wh 1,200, lakini ukiitoa zaidi ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo hesabu 600. Inveta nayo inakula kidogo, zinabaki kama 500. Laptop ya wati 25 itakaa saa 20 kwa hizo, kompyuta ya mezani ya wati 125 itakaa saa nne. Paneli ni ile ile, betri ni ile ile. Na radi inapoanza, mwenye laptop huchomoa waya ukutani na kuendelea, wakati mwenye kompyuta ya mezani anachagua kati ya kuzima na kubahatisha.

Majina ya kutafuta ni ThinkPad T480, Dell Latitude 7490 na HP EliteBook 840 G5. Ni laptop za ofisi, nyingi zikiwa na prosesa za Intel za kizazi cha nane, na kizazi hicho si namba ya kupuuza: Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa sehemu kubwa inaanzia prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Za kizazi cha sita na saba zinauzwa rahisi, ila mtu anayeingiza nywila ya akaunti ya fedha hapaswi kutumia mfumo usiozibwa matundu. T480 ina faida ya ziada kwa mazingira yetu. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma, na ile ya nyuma hubadilishwa mashine ikiwa inawaka.

Dukani, iwe Musoma mjini, Mwanza au Kariakoo, usiikague laptop ikiwa imechomekwa kwenye soketi. Ichomoe. Fungua dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter, kisha fungua ripoti iliyojitengeneza. Tafuta namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake ikijaa leo. Ukikuta 50,000 na 22,000, betri imebaki chini ya nusu, na kwa matumizi ya wati 15 itakupa kama saa moja na nusu. Hapo una haki ya kushusha bei au kudai betri nyingine. Baada ya hapo izime na uiwashe huku ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa ThinkPad. Ikikuomba nywila usiyopewa, irudishe kaunta. Kufuli la kampuni iliyoimiliki huko ilikotoka bado lipo, na siku moja linaweza kukufungia nje ya mashine uliyoilipia.

Kwa upande wa mtandao, fedha kidogo iende kwenye laini ya pili ya kampuni tofauti na ya kwanza, simu ikiwa ndiyo hotspoti. Bei za soko hula data kidogo sana. Kinachomaliza bando ni video na masasisho ya Windows, kwa hiyo iambie kompyuta kwamba mtandao wako ni wa kulipia kwa kipimo. Wala usinunue mashine kwa matumaini ya kuwahi bei. Mwanga ndani ya nyaya husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na njia ya kutoka ziwani hadi London kupitia Dar es Salaam na Bahari ya Shamu inapita kilomita 10,000. Kwenda na kurudi ni sehemu ya kumi ya sekunde angalau, hata ukiwa na kompyuta ya bei gani. Tena waya wenyewe hukatika: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika pamoja na Tanzania ikabaki na intaneti ya kusuasua. Laini mbili hazikusaidia sana siku hiyo. SL iliyokaa kwa broka ilisaidia.

Kuna hesabu moja inayonisumbua kuliko zote. Tuseme kijana ana mtaji wa shilingi 300,000 na anapata asilimia 5 kila mwezi bila kukosa, jambo ambalo ni gumu mno. Hiyo ni 15,000 kwa mwezi. Akinunua mashine ya milioni moja na nusu, ataifanyia kazi miezi 100 kabla hajajilipa hata senti. Na wengi hawafiki huko. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, mwaka 2018 ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye mikataba ya CFD, forex ikiwamo, hupoteza fedha. Watafiti wa Brazil waliwafuatilia waliodumu zaidi ya siku 300 katika biashara ya kununua na kuuza siku hiyo hiyo, na asilimia 97 kati yao walipoteza. Kwa takwimu hizo, aliyeuza ng'ombe ili anunue kompyuta ya forex amebadili mali inayozaa kwa mali inayochakaa. Ningependa anunue mashine ambayo, forex ikishindikana, bado itamfaa: kuchapa barua, kujaza fomu za ajira na mikopo ya wanafunzi, kutunza hesabu za mashine ya kusaga au za kikundi cha umwagiliaji bondeni. Laptop ya ofisi inaweza yote hayo.

Anayeanza kabisa hahitaji hata hiyo. Simu aliyonayo inafungua akaunti ya majaribio, na miezi mitatu ya kuandika kila biashara kwenye daftari itamwonesha kama ana sababu ya kununua chochote. Anayevutiwa na hisa za nyumbani naye simu inamtosha: Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998, lina huduma ya Hisa Kiganjani. Kununua asubuhi na kuuza jioni pale hakulipi, kwa kuwa ada za dalali na tozo humeza tofauti ndogo ya bei ya siku moja. Hisa za pale hushikwa kwa miaka, gawio likiingia, na kwa kazi hiyo haijalishi umeme umekatika saa ngapi.