Mtoto Anapopotea Msituni: Yanayompasa Mzazi Kuyajua Kabla ya Matembezi ya Likizo

Likizo ya muhula wa pili huwakuta wazazi wengi wa Kampala na swali moja: watoto wapelekwe wapi kwa siku moja, bila gharama kubwa, na warejee nyumbani kabla ya giza? Wengi huchagua msitu. Mabira uko umbali wa kilomita 50 na kitu hivi kwa barabara ya Jinja. Mpanga uko upande wa Mpigi, kwa barabara ya Masaka, jirani na mafundi wa ngoma wa Mpambire. Sisi tunaohudumu katika mahusiano ya polisi na jamii tunaunga mkono safari hizi kwa moyo wote, kwani mtoto aliyekulia ndani ya ukuta wa ua anastahili kumwona tumbili mtini na siyo kwenye simu peke yake. Nia yetu hapa ni kueleza jambo moja: jinsi mtoto anavyopotea msituni, na kwa nini nusu saa ya kwanza ina uzito kuliko msako wa usiku kucha.

Mabira una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 300. Hata hivyo, mtoto hahitaji kwenda mbali ili apotee. Humfuata kipepeo hatua ishirini, njia ikapinda, vichaka vikaziba, na sauti za wenzake zikafifia. Kinachochelewesha watu kutambua ni hesabu. Katika kundi la familia mbili au tatu, au la watoto wa kanisani au msikitini, kila mtu mzima hudhani kwamba mtoto yuko na mwenzake. Ndiyo sababu tunasisitiza kila mtu mzima akabidhiwe watoto wake kwa majina, wasizidi wanne, awahesabu katika kila njia panda. Mmoja atangulie, mwingine awe wa mwisho kabisa, na mtoto yeyote asiruhusiwe kubaki nyuma ya huyo wa mwisho. Anayeongoza njia awe mtu anayeifahamu. Misitu hii miwili iko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, na pale Najjembe, katika Mabira, wapo waongozaji. Ada yao si pesa iliyopotea.

Jambo la pili ni mwanga. Kwetu, karibu na mstari wa ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache jioni mwaka mzima, na giza halibishi hodi. Chini ya miti mirefu huingia mapema zaidi. Mtoto akikosekana saa nane mchana, wanaomtafuta wana zaidi ya saa nne za mwanga. Akikosekana saa kumi na moja, hawana hata mbili. Anzeni kutembea asubuhi, na saa nane iwakute mmekwisha geuka kurudi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wazazi hawapendi kulisikia kutoka kwetu. Nyumba nyingi hutumia jina la polisi kumnyamazisha mtoto: ukilia, askari atakuja akuchukue. Mzazi huona ni mzaha wa kupitisha jioni. Lakini mtoto aliyepotea, mwenye hofu na hatia ya kuacha njia, akiona watu waliovaa sare wakija na tochi, hujificha. Watafutaji wanaweza kupita karibu naye kabisa, naye akaziba mdomo kwa mikono yake. Tena askari aliye zamu wilayani Buikwe huenda kwao ni Arua au Kotido, naye humwita mtoto kwa Kiswahili ambacho nyumbani kwao hakisemwi. Basi kabla ya safari, mwambieni mtoto kwa utulivu kwamba akipotea watu watamtafuta, wengine wamevaa sare, na hakuna atakayemwadhibu. Nasi mtupe jina analoitwa nyumbani, maana mtoto wa miaka mitano huenda hajui kuitikia jina la shuleni.

Mfundisheni pia kusimama. Mtoto akigundua kwamba yuko peke yake, asitembee tena. Aketi kwenye mti wa karibu na kuukumbatia ikibidi. Anayesimama hubaki karibu na mahali alipoonekana mara ya mwisho, ilhali anayekimbia huliongeza eneo la msako kila dakika. Apewe filimbi ya kuning'iniza shingoni, apige mara tatu, apumzike, arudie. Filimbi haichoki kama koo. Na kwa kuwa mtoto mdogo akiulizwa jina la babaye hujibu tu “Taata”, andikeni namba ya simu ya mzazi kwa kalamu ndani ya fulana yake.

Mtoto akikosekana, pigeni ukunga, kisha nyamazeni msikilize. Watu wengi hupiga kelele mfululizo na hivyo kulifunika jibu la mtoto. Mtu mzima mmoja abaki pale alipoonekana mwisho, na wengine wasipakanyage. Polisi ina kikosi cha mbwa wanaofuata harufu, na kundi la watu likishapita mara kumi mahali pamoja, kazi ya mbwa huwa ngumu. Kwa sababu hiyohiyo hifadhini sweta au kofia ya mtoto ambayo haijashikwashikwa. Watoto wengine wasitumwe kutafuta.

Wakati huohuo pigeni 999 au 112. Mtandao ukikosekana ndani ya msitu, mmoja aende barabarani au kwa mwenyekiti wa LC I wa kijiji kilicho karibu. Hakuna sheria inayomtaka mzazi angoje saa 24 ndipo atoe taarifa. Imani hiyo tunaisikia mara nyingi, na haina msingi. Kuandikisha taarifa ya mtoto aliyepotea hakulipiwi. Tutauliza umri, rangi ya nguo, saa na mahali alipoonekana mwisho, na kama ana pumu, kifafa au selimundu. Picha iliyopigwa asubuhi hiyo, akiwa amevaa nguo zilezile, hutusaidia kuliko maelezo marefu.

Juu ya wanyama tunaulizwa sana, na jibu letu ni fupi: sehemu ya hatari kuliko zote katika safari ya Mabira ni lami. Pale Najjembe, kwenye wauza kuku na gonja, malori hupita kwa kasi, na mtoto aliyetulia msituni siku nzima huvuka mbio kufuata mshikaki. Mshikeni mkono. Mawingu yakitanda, acheni safari mrudi kwenye gari. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule moja ya Kiryandongo, nao walikuwa ndani ya darasa.

Na ikitokea mtoto amejitokeza mwenyewe baada ya sisi kuitwa, pigeni simu tena mara moja, hata kama mko njiani kurudi Kampala. Askari na wanakijiji walioko ndani ya msitu hawana njia nyingine ya kujua kwamba wanaweza kutoka.